Mlolongo wa Kiharu na Dola Zetu za Minnesota

Msimu wa wageni unakaribia. Kenya itapiga kura Agosti 2027, na sisi tunaoishi Minneapolis na Saint Paul tunajua kitakachofuata. Mgombea atatua, atakodiwa ukumbi Brooklyn Park, nyama choma italiwa, hotuba zitatolewa, kisha harambee. Tutachanga. Dola zetu zitanunua fulana, kofia na petroli ya msafara, nasi tutarudi nyumbani tukijipongeza kwamba tumejenga demokrasia.

Tunasema wazi: hatujajenga kitu. Shahidi wetu ni eneo bunge moja la mashambani, Kiharu, kule Murang'a.

Zamani likiitwa Mbiri, mbunge wake alikuwa Dkt. Julius Kiano, msomi aliyepata shahada ya udaktari hapa Marekani, Berkeley, na mmoja wa waliosaidiana na Tom Mboya kuwaleta vijana wetu kusoma huku. Mwaka 1979 alikuwa waziri. Mpinzani wake, Kenneth Matiba, aliacha kazi kubwa katika kampuni ya bia akaja kugombea. Wananchi wakamchagua Matiba. Tukumbuke kwamba chama kilikuwa kimoja tu, KANU. Hata hivyo, mkulima aliingia kibandani peke yake na karatasi yake, akamwondoa waziri, na hakuna chifu aliyejua nani kafanya nini.

Mwaka 1988 karatasi hiyo iliondolewa katika uteuzi wa KANU. Ukaja mlolongo: watu wapange foleni nyuma ya picha ya mgombea, wahesabiwe vichwa mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuwa mbunge, bila kura ya siri kufuata. Baadhi yetu tulikuwa wanafunzi wakati huo, tukawaona wazazi wetu wamesimama juani huku chifu akiwatazama mmoja mmoja. Katika sehemu nyingi za nchi foleni fupi ilitangazwa kuwa imeshinda ndefu. Ungelalamika kwa nani? Watu wakishatawanyika, foleni haipo tena. Hakuna sanduku la kufungua wala karatasi ya kuhesabu upya.

Matiba mwenyewe alikuwa waziri. Desemba 1988 alijiuzulu, akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama. Akafukuzwa KANU, na kwa kanuni za chama kimoja akapoteza na kiti cha bunge. Mwaka 1990 akawekwa kizuizini, na afya yake haikurudi kamwe. Mlolongo uliachwa, kura ya siri ikarudi, na mwaka 1992 Kiharu wakamrudisha bungeni, huku akiwa wa pili nyuma ya Moi katika kura za urais. Tangu hapo hadi 2017 Kiharu ilifanya chaguzi kuu sita ikatoa wabunge sita: Matiba, Ngenye Kariuki, Kembi Gitura, Muturi Mwangi, Irung'u Kang'ata na Ndindi Nyoro. Ni mwaka 2022 tu ambapo aliyekuwapo, Nyoro, alirudishwa. Watu wa Kiharu hawahitaji kufundishwa na sisi jinsi ya kuchagua. Wanachohitaji ni kura yao ihesabiwe.

Sisi wahandisi tuna msemo wa kazini: kipimo kisichoandikwa hakikupimwa. Jimbo hili tunaloishi lilitufundisha hilo. Katika uchaguzi wa Seneti wa 2008, Norm Coleman alitangulia mwanzoni kwa mamia machache tu kati ya kura karibu milioni tatu. Karatasi zikahesabiwa upya kwa mkono, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Minnesota, na Julai 2009 Al Franken akaapishwa kwa ushindi wa kura 312. Hakuna aliyetumwa kizuizini. Karatasi zilikuwepo, basi.

Kenya nayo ina karatasi yake. Matokeo ya ubunge ya kila kituo huandikwa katika Fomu 35A, na mawakala hutia sahihi na kupewa nakala. Lakini wakala asiye na nauli wala chakula huondoka saa mbili usiku, na fomu ikabaki na wenyewe.

Basi pendekezo letu ni hili. Mgombea akija Brooklyn Park, tusimchangie fulana. Tuchange nauli na chakula cha mawakala, kwa sharti moja: atutumie nakala za Fomu 35A za vituo vyote, ashinde ashindwe. Asiyekubali asipewe hata senti.

Wapo watakaosema hayatuhusu, kwani hatumpigii mbunge kura. Kweli, mwaka 2022 aliye ughaibuni aliruhusiwa kumchagua rais peke yake, na kwa Marekani nzima vituo vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Lakini dola zetu hazingojei kituo. Zinafika kijijini kabla ya kura.

Na tuanze nyumbani kwetu. Vyama vyetu vya hapa vingapi huchagua mwenyekiti kwa kupiga makofi? Huo pia ni mlolongo, ndugu zangu. Mkutano ujao, tugawe karatasi.