Wanafunzi wetu wapandishwe Chyulu

Kila mwaka, shule zinapoandaa ziara za masomo, mabasi ya Kitui na Makueni hushika njia ile ile ya Mombasa. Wanafunzi huonyeshwa Ngome ya Yesu, huvushwa kwa feri ya Likoni, huchezea maji ya bahari, kisha hurejeshwa nyumbani wakiwa hoi kwa usingizi. Sina ugomvi na Mombasa. Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ni somo zuri la historia, na mtoto wa bara ana haki ya kuiona bahari. Linalonisikitisha ni kwamba basi likishapita Makindu, upande wa kulia hutandazika Vilima vya Chyulu, na ndani ya basi hakuna hata mwalimu mmoja anayewaambia watoto wageuze shingo.

Safu hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 100, na kilele chake kirefu zaidi hufikia mita 2,188 juu ya usawa wa bahari. Imekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1983. Aidha, ni miongoni mwa milima michanga kabisa katika nchi yetu. Chini yake, upande wa Tsavo Magharibi, lipo bonde la mawe meusi liitwalo Shaitani, ambalo hukadiriwa kumwagika kama uji wa moto mwaka 1856. Hebu msomaji ailinganishe tarehe hiyo na nyingine tunayoifundisha darasani: Krapf alikuwa Kitui, nyumbani kwa Kivoi, alipouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Maana yake ni kwamba Chyulu ilikuwa ingali ikitema moto miaka saba baada ya mzungu huyo kukaribishwa kwetu. Kwa upande mwingine, miamba ya Kitui, ukiwemo ule wa Nzambani ambao husemekana kwamba mtu akiuzunguka mara saba hubadilika jinsia, ina umri wa mamilioni ya miaka kwa mamia. Mwanafunzi wa Kitui anaweza kuamka juu ya miamba mikongwe na kabla ya adhuhuri akakanyaga mawe ambayo babu wa babu yake angeyakuta ya moto. Ni nchi ngapi duniani zenye darasa kama hilo?

Mwaka jana niliizunguka sehemu ya vilima hivyo kwa miguu pamoja na walimu wenzangu wachache, tukiongozwa na askari wa wanyamapori aliyebeba bunduki, kwa kuwa nyati na ndovu wapo. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi kwenye nyasi za chini, tukapanda hadi msitu wa juu, tukafuata mgongo wa mlima kisha tukateremkia upande mwingine na kurudi tulikoanzia jioni. Sitaki kumdanganya mtu: ni kazi ngumu. Miteremko ya vilima vile ni ya changarawe nyepesi za volkeno. Mguu ukipanda hatua mbili hurudi moja. Ukidhani umefika juu, unakuta kilima kingine kimejificha nyuma ya kile ulichokipanda. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata hatukuonana, na ulipoinuka, Kilimanjaro ilikuwa imesimama mbele yetu, nasi tukakaa kimya kwa muda.

Lakini lililonigusa zaidi ni kiu. Juu ya vilima vile hakuna mto wala kijito. Msitu umelowa, kuvumvu zinaning'inia kwenye matawi, udongo una rutuba, na bado huoni mahali pa kuchota hata kikombe kimoja. Kila mmoja wetu alikuwa ameishiwa na maji kabla ya saa nane, na kila mmoja aliuliza swali lile lile: mvua yote inayonyesha hapa huenda wapi? Jibu lake nimelifundisha kwa miaka mingi kwa chaki. Mawe ya volkeno yana matundu. Maji ya mvua na ya ukungu huzama moja kwa moja, husafiri chini kwa chini, kisha huibuka mbali: Umani katika msitu wa Kibwezi, na hasa Mzima katika Tsavo Magharibi. Na kutoka Mzima, tangu miaka ya 1950, bomba limekuwa likipeleka sehemu ya maji hayo Mombasa.

Basi tazameni kinyume hiki. Mtoto ambaye mama yake huamka alfajiri kuchimba maji mchangani katika mto mkavu hupandishwa basi, hupitishwa kando ya mlima unaohifadhi maji, hufikishwa pwani, hufungua mfereji na kunywa, naye hajui kwamba huenda anakunywa Chyulu. Akirudi anaandika insha juu ya mawimbi.

Najua watakaonipinga, na baadhi yao ni walimu wakuu ninaowaheshimu. Watasema kwanza kwamba mlima ni hatari. Ni kweli, hakuna mlima usio na hatari, na mwanafunzi mwenye pumu au maradhi ya moyo asilazimishwe kupanda. Ila tujiulize ni wapi hasa wanafunzi wetu wanakofia. Machi 2024, wanafunzi 11 wa chuo kikuu waliokuwa katika ziara ya masomo kuelekea Mombasa walifariki katika ajali ya basi karibu na Maungu. Hapa kwetu, tarehe 4 Desemba 2021, mto Enziu ulizoa basi lililobeba wanakwaya na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Sitaji maafa hayo ili kumlaumu yeyote. Nasema tu kwamba hatari kubwa imo katika safari ndefu ya barabara, na Kibwezi ipo karibu zaidi kuliko pwani, hasa tangu barabara ya Kibwezi, Mutomo na Kitui ilipowekwa lami.

Wengine watasema mlima haupo katika mtihani. Hoja hii hunichekesha, maana mtihani wa jiografia huuliza juu ya utafiti wa nyanjani: ulitumia mbinu zipi kukusanya data, ulipata matatizo gani, uliyatatua vipi. Sote tunajua yanavyojibiwa. Mwanafunzi hukariri matatizo ya ziara ambayo hakuifanya, eti mvua ilinyesha, eti wenyeji hawakushirikiana naye, na sisi tunaosahihisha huweka alama ya pata. Tumewafundisha kusema uongo kwa ufasaha. Na mtaala wa umilisi, unaodai mtoto ajifunze kwa kutenda, hautakuwa na maana yoyote tukiendelea hivi.

Kuhusu gharama sitasema mengi: ada ya kuingia mbugani ipo, lakini hakuna haja ya hoteli, na muthokoi uliopikwa shuleni unatosha.

Kuna jambo lililo zito kuliko haya yote. Vilima hivi huungua mara kwa mara wakati wa kiangazi, na miti hukatwa kwa ajili ya makaa. Moto ukiukaribia msitu wa juu, ule unaokinga ukungu na kuuteremsha uwe maji, chemchemi zilizo mbali ndizo zitakazoumia. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa, na zogo lililofuata tunalikumbuka. Amri ni nzuri, ila amri haimwelezi kijana kwa nini mti ulio mlimani ni kisima cha mtu asiyemjua. Miongoni mwa vijana tunaowafundisha wamo watakaouza makaa, watakaokuwa madiwani, watakaoandika hizo amri. Aliyekaa na kiu saa nne chini ya msitu uliolowa atayaelewa maji kwa namna ambayo ubao wangu hauwezi kumfundisha.

Nawasihi walimu wakuu wanaopanga ziara za muhula wa pili wajaribu mara moja tu. Wachukue kidato kimoja, si shule nzima. Waandikie wasimamizi wa mbuga mapema ili wapewe askari wa kuwaongoza. Wawazoeshe wanafunzi kutembea kwenye vilima vya karibu kwa majuma kadhaa kabla ya safari. Kila mtoto abebe lita nne za maji na daftari, na swali la kwanza katika daftari hilo liwe hili: maji haya yametoka wapi?