Risasi Kwanza, Rangi Baadaye

Juzi, baada ya swala ya Ijumaa, nilikuwa nikipita Majengo, Pumwani, hapa Nairobi. Nikamkuta kijana amekaa juu ya kreti tupu la soda, daftari mapajani, kalamu ya risasi mkononi, akichora mapaa ya mabati yenye kutu. Mpita njia akamcheka: "Picha hiyo ataitaka nani? Chora simba na jua la magharibi, upate riziki!" Kijana hakujibu, aliendelea kuchora.

Mimi namuunga mkono kijana. Sisi tuliosoma chuoni tulianza na ubao: tuliandika, maalimu akasahihisha, tukafuta, tukaandika tena. Hata mtunga shairi huhesabu mizani vidoleni kabla ya kulitoa hadharani. Mchoro wa risasi ndio ubao wa mchora mandhari. Hapo huamua ardhi na mbingu zikutane wapi, kivuli kiangukie upande gani, na kipi kiachwe nje. Kosa la risasi hufutwa kwa mpira; kosa la rangi hula fedha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mabingwa hawakuliona haya jambo hili. Constable wa Uingereza alizunguka kwao na daftari. Lile la 1813 na la 1814 yamehifadhiwa London hadi leo. Turner, aliyefariki 1851, aliacha madaftari yapatayo 300.

Na kwa mwenye wasiwasi wa dini, nakumbusha kuwa Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji achore miti na visivyo na roho. Basi nyumba na miti ya Eastlands ina kosa gani?

Lakini hofu yangu kubwa ni nyingine. Asiyekwenda mahali akapachora huishia kunakili kalenda za watalii, na kwao kukapotea hakutazami. Pangani ya kale, makazi ya Waislamu wengi, ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Laiti kila kichochoro chake kingalichorwa! Kaloleni nayo, iliyojengwa miaka ya 1940 kuuzunguka ukumbi wake, itasimama hivyo mpaka lini, na maghorofa yanazidi kupanda Eastlands?

Wazazi wenzangu, daftari na kalamu ya risasi si ghali. Mnunulieni kijana, kisha mwacheni akae pale kibarazani atazame. Rangi itangoja, nyumba hazitangoja.