"Hayo Hayatuhusu" Humfunga Mtoto Mdomo

Mzazi mwenye shughuli nyingi huwa na jibu la haraka kwa kila swali la mtoto. Baba mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo aliulizwa na bintiye wa darasa la sita: "Baba, roketi zinarushwa wapi?" Akajibu akihesabu chenji: "Huko kwa Wazungu. Hayo hayatuhusu." Mtoto akanywea, na kwa wiki kadhaa hakuuliza tena.

Likizo ilipofika, mama alimchukua kwenda Malindi, Kenya, kusalimia ndugu. Babu yao wa huko aliposikia habari hiyo, aliwapeleka Ngomeni, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa mji, akanyoosha kidole baharini.

"Pale, mjukuu wangu, Waitaliano walisimika majukwaa ya chuma. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa satelaiti 9."

"Kwa nini hapa, Babu?"

"Tuko karibu na ikweta. Huko dunia huzunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi ikielekea mashariki hupata msukumo wa bure. Na mashariki ni bahari tupu, vipande vikianguka havimdhuru mtu."

Akamweleza kuhusu Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Siku hiyo ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wamarekani wenyewe waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilionyesha vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo, na kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

"Na sisi tulirusha ipi?"

Babu akakaa kimya kidogo. "Roketi zilikuwa za Marekani, kituo cha Waitaliano. Sisi tulitoa mahali na jina. Hata Taifa-1 ya Kenya, mwaka 2023, ilirushiwa California. Iliyobaki ni kazi yenu."

Binti alirudi Ilala na maswali kumi na mawili daftarini, yote ya kumuuliza mwalimu wa sayansi.

Mzazi, si lazima upande basi hadi Malindi. Ukiulizwa jambo usilolijua huku wateja wamekuzunguka, sema: "Sijui mwanangu, jioni tutatafuta pamoja." Jioni ikifika, mtafute kweli.