Linux gani kwa mama anayeanza?

Juma hili tunajibu swali linalorudi kila mara tukimaliza mkutano wa AVEC: ordinateri imekuwa nzito, fundi anashauri tuweke Linux, lakini Linux ziko za namna nyingi. Tuchague ipi?

Swali limekuja kwa wakati wake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza matunzo ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inakataa mashini nyingi za zamani. Linux ni ya bure, na sheria yake inaruhusu kunakili. Mama mmoja akilipia megabaiti za kuipakua, karibu GB 3, sisi wote tunanakili kwake.

Kwa mwanzo tunashauri Linux Mint. Sura yake inafanana na ile tuliyozoea: kitufe cha menyu chini upande wa kushoto, saa upande wa kuume. Inasema Kifaransa, na inakuja na LibreOffice, ambayo inafungua barua za Word na hesabu za Excel. Mashini yenye memoria ya GB 2 inaweza kuiendesha, lakini GB 4 ni afadhali. Kama memoria ni ndogo, ombeni Mint ya Xfce, ndiyo nyepesi. Yenye GB 8 ichukue Cinnamon.

Lakini kama kijana wa nyumbani au fundi wa jirani anaijua vizuri Ubuntu, chukueni Ubuntu. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake maana yake ni utu. Ni nzito kidogo, ila msaada wa karibu unashinda uzuri wa sura. Tena Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Anayejua moja hapotei katika nyingine. Vijana wakiwasifia Kali, kataeni kwa upole: ile ni ya wapimaji wa usalama, si ya anayeanza.

Msikubali kufutiwa kitu kabla ya kujaribu. Fundi aweke Mint kwenye fleshi tupu ya GB 8, awashe mashini kwa fleshi hiyo. Angalieni: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Emprimante inachapa? Mpaka hapo vitu vyenu ndani ya mashini havijaguswa.

Mkiridhika, kuna kazi moja kabla ya kuweka: hesabu za AVEC, orodha ya wanamemba, deni la kila mtu na picha za watoto vinakiliwe kwenye fleshi nyingine. Fungueni nakala hiyo kwenye mashini ya mtu mwingine, mhakikishe inasomeka, ndipo fundi aanze, betri ikiwa imejaa, maana umeme wetu tunaujua. Deni lisiloandikwa huzaa ugomvi kati ya ndugu.

Nakala hiyo msiifute baadaye. Hapa kwetu tumekwisha kukimbia usiku tukabeba watoto tu. Fleshi inaingia katika kitenge. Ordinateri inabaki nyumbani.

Mwenye fleshi tupu ya GB 8 aje nayo mkutanoni. Tutanakili pamoja.