Mafahali Wawili Katika Zizi Moja

Wazee walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Neno hilo lilithibitika mwaka 1988, si malishoni bali katika mashindano ya motokaa yaitwayo Formula One, ambayo madereva hodari huyafuata kutoka nchi hata nchi mpaka apatikane bingwa mmoja wa ulimwengu.

Mwaka huo mashindano yalikuwa 16, na timu ya McLaren ya Uingereza ilishinda 15. Ilipata alama 199, na Ferrari ya Italia, iliyoifuata, ilipata 65 tu. Ushindi huo haukuwa wa bahati. Kampuni ya Honda ya Japani ilikuwa imeunda injini yenye nguvu nyingi ambayo haikula mafuta ovyo; na hilo lilikuwa jambo kubwa, maana sheria iliyaruhusu magari yenye turbo kubeba lita 150 tu kwa shindano zima. Tena huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa injini za namna hiyo, na timu nyingi zilikuwa zimekwisha kuziacha. McLaren hawakuona taabu kuunda gari jipya kwa ajili ya msimu mmoja.

Adui wa nje alipokosekana, vita vilihamia nyumbani. Alain Prost, Mfaransa aliyekuwa bingwa mwaka 1985 na 1986, alikuwa mtu wa hesabu na subira. Ayrton Senna wa Brazil, aliyeingia katika timu mwaka huo, alikuwa na mbio zisizo na mfano. Kule Monaco, Senna aliwaacha wote mbali sana, kisha akagonga ukingo wa barabara pasipo kusukumwa na mtu, na Prost akashinda. Kule Ureno, Senna alimbana mwenzake karibu na ukuta kwa mwendo wa kutisha. Prost hakurudi nyuma, akampita, akashinda.

Shindano moja lililowaponyoka lilikuwa la Monza, Italia, tarehe 11 Septemba. Injini ya Prost iliharibika. Senna alikuwa akiongoza, lakini ikisalia mizunguko miwili tu aligongana na gari la Jean-Louis Schlesser, aliyekuwa nyuma yake kwa mzunguko mzima. Gerhard Berger na Michele Alboreto wa Ferrari wakawa wa kwanza na wa pili mbele ya watu wao, siku 28 tu baada ya kufa kwa mzee Enzo Ferrari, mwanzilishi wa timu hiyo.

Mwisho wa msimu ndipo hesabu ilipoleta maneno. Mshindi alipewa alama 9, na wa pili 6. Prost alishinda mara saba, akawa wa pili mara saba: alama 105. Senna alishinda mara nane, na alama zake zote zilikuwa 94. Hata hivyo bingwa alikuwa Senna, kwa sababu sheria ilihesabu mashindano 11 tu ambayo dereva alifanya vizuri zaidi. Kwa hesabu hiyo Senna alibaki na 90, na Prost 87. Ni kama mkulima aliyevuna magunia 105, akaambiwa kwamba 18 hayaingii katika mizani.

Je, Prost alidhulumiwa? Sheria ilijulikana kabla ya gari la kwanza kuondoka, nayo ilimpendelea mwenye kushinda kuliko mwenye kufika salama kila mara. Hata hivyo, tangu mwaka 1991 alama zote zilianza kuhesabiwa.

Uchungu wa zizi haukuisha. Mwaka 1989 wawili hao waligongana kule Suzuka, Japani, ubingwa ukaenda kwa Prost, naye akahamia Ferrari. Mwaka 2023 timu ya Red Bull ilishinda mashindano 21 kati ya 22, ikaipita McLaren. Lakini 19 kati ya hayo yalikuwa ya dereva mmoja, Max Verstappen, na bingwa alijulikana mapema. Mwaka 1988 timu ilijulikana mapema, lakini fahali wa zizi hakujulikana hata shindano la 15. Ndiyo sababu mwaka huo ungali ukisimuliwa.