Mfugaji Si Ombaomba

Kila ukame ukikaza unaziona picha zile zile. Lori la unga, akina mama wamepanga foleni, bwana mmoja mwenye tisheti ya nembo anakabidhi gunia huku macho yako kwa kamera. Unga ule unaokoa maisha, hatukatai. Lakini ukiisha, mfugaji anabaki pale pale. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mfugaji wetu, tena nchini mwake mwenyewe, tumemfanya mgeni miaka nenda miaka rudi, na jembe hatujampa.

Hebu twende Nyando, si mbali na mji wa Kisumu. Watu wa huko hawahamihami na mifugo kama wenzao wa Wajir au Marsabit. Wanalima kidogo na kufuga kidogo. Mvua ikizidi ni mafuriko, ikikatika ni njaa. Kule Nyakach makorongo yamemeza mashamba. Mbuzi wa kienyeji ni wadogo, na ukimpeleka mmoja soko la Sondu wakati una shida, broka ndiye anayetaja bei.

Miaka ya 2010, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake walipeleka huko mbuzi aina ya Galla na kondoo wekundu wa Kimaasai, ili wazalishwe na wale wa kienyeji. Sasa jiulize, huyo Galla alitoka wapi? Hakutoka Ulaya. Ni mbuzi wa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, Wasomali na Waborana, waliomchagua kizazi baada ya kizazi mpaka akawa na mwili mkubwa na akavumilia ukame. Kondoo wa Kimaasai naye anasifika kwa kustahimili minyoo. Yaani wale wale tunaowapiga picha wakipokea unga ndio wenye elimu iliyokuja kuwafaa watu wa ziwani!

Lakini mbuzi peke yake hatoshi. Beberu mmoja akikaa kijiji kimoja miaka mingi atawapanda binti zake mwenyewe, na kizazi kitadhoofika. Lazima kuwe na kikundi chenye daftari, kinachobadilishana mabeberu na kijiji jirani na kuchanga pesa za dawa. Shirika la Heifer, lililopeleka ng'ombe wake wa kwanza Puerto Rico mwaka 1944 na ambalo limefanya kazi Kenya tangu 1981, lina sharti zuri: ukipewa mnyama, mtoto wake jike wa kwanza unampa jirani. Hapo aliyepokea anageuka mtoaji. Anainua kichwa, na jirani hana sababu ya kumwonea kijicho.

Wapo watakaosema, basi mashirika yaendelee, serikali ipumzike. Hapana. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokaa na njaa, na Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti kazi ya kilimo na mifugo. Chanjo, daktari wa mifugo, barabara ya kufika sokoni: hizo si swadaka, ni haki. Shirika likifunga ofisi na daktari wa kaunti hafiki kijijini, homa moja tu inatosha kumaliza zizi zima, na lori la unga litarudi.

Kwa hiyo ukichangishwa tena pesa za ukame, toa, usibane mkono. Ila uliza maswali matatu. Wafugaji wenyewe waliulizwa wanataka nini? Mkishaondoka, nani atatibu mifugo? Na anayepewa leo, kesho atampa nani? Swali la pili usimwulize mwenye shirika peke yake. Mpelekee pia mwakilishi wa wadi yako, maana yeye analipwa ili alijibu.