Arubuni ya Harusi si Ngawira

Sifa zote njema zinamstahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, umezuka mtindo muovu katika miji yetu ya Kenya. Mtu afungua ofisi ya upishi na mapambo ya harusi, apokea fedha za watu miezi kadhaa kabla ya walima, kisha siku moja mlango una kufuli na simu haipokelewi. Akikutwa, ana majibu mawili: "Biashara imekufa, ni kadari," na "Risiti imesema arubuni hairudishwi."

Yote mawili ni batili. Wanazuoni wengi wameikataza biashara ya arubuni. Imam Ahmad bin Hanbal ameiruhusu. Lakini hata kwa aliyeiruhusu, anayeipoteza ni mnunuzi aliyeghairi mwenyewe. Ni mwanachuoni gani aliyemhalalishia muuzaji kula fedha ya kazi aliyoshindwa kuifanya? Hilo ni deni.

Ama kadari, haifuti deni. Aya ya 280 ya Suratul-Baqara yaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini muhula si kufutiwa, na msamaha ni wa mwenye mali, si wa majirani wanaomwambia, "Msimwaibishe mwenzenu." Tena muhula ni wa mwenye dhiki, si wa mwenye gari na nyumba za kupangisha. Mwenye uwezo akichelewesha, Mtume (s.a.w.) ameihesabu kuwa ni dhulma.

Wala kwenda mahakamani kudai haki si utovu wa subira. Aliyesajili jina la biashara tu, deni lamfuata yeye mwenyewe hata akifunga duka. Ikiwa ni kampuni inayofilisiwa, peleka dai lako kwa mfilisi mapema, kwa maandishi, ingawa wenye rehani na wafanyakazi watakutangulia. Kwa dai lisilozidi shilingi 1,000,000 ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60, na waweza kujisimamia bila wakili.

Nasi tunaolipa tusijisahau. Aya ya 282 imetuamrisha kuandika na kushuhudisha; sisi twatuma laki mbili kwa simu kwa kuwa "ni mwenzetu wa msikitini". Andikianeni kazi, tarehe na kiasi. Hifadhini ujumbe wa malipo. Lipeni kwa mafungu, la mwisho baada ya kazi.

Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolidhamini. Vipi basi mla fedha za maharusi atulie safu ya mbele, na hakuna wa kumuuliza?

Wabillahi tawfiq.